Ukivuka Mpaka, Beba Kitambaa Ambacho Hujakimaliza

Sisi wa Hasamba, na wa Mbozi kwa jumla, hatuna uhaba wa safari. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umepakana na Zambia na Malawi. Malori ya kwenda Lusaka na Lubumbashi yanapanga foleni Tunduma, na reli ya TAZARA inapita Vwawa na Tunduma kabla ya kuingia Nakonde upande wa Zambia na kuendelea hadi New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 tangu Dar es Salaam. Tunavuka kununua, kuuza, kuuguza, kuzika na kula harusi. Lakini mwulize aliyerudi jana kutoka Kasama alikutana na nani huko. Atakutajia bei za vitu.

Makala haya ni ya mtu ambaye jioni, mahindi na kahawa vikishapata zamu yao, hukaa na sindano ya kufumia, au ukindu, au shuka la kudarizi, na anaifanya kazi hiyo kwa kuipenda kuliko kwa kutafuta hela. Mtu huyo ana kitu ambacho mchuuzi anayevuka mpaka kila wiki hana. Akijua namna ya kukitumia, atakaa na wenyeji wa nchi ya watu muda mrefu kuliko mteja, na kwa raha kuliko mgeni rasmi.

Kanuni ni moja, mengine ni matawi yake: beba kazi ambayo haijaisha. Kitambaa kilichokwisha ukikionyesha, mtu atasema ni kizuri au atauliza bei, basi. Kilichofika katikati kinamfanya aulize kitaishia wapi, uzi umeupata wapi, na mbona hapo pembeni umeruka tundu. Anaweza hata kukichukua akakurekebishia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye kazi ya mkono amekuja na jembe lake, tena kaanza kulima siku ya kwanza.

Mfano mkubwa wa jambo hili Afrika Mashariki ni wa Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu huko Ukambani, Kenya. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifika Tanganyika, akawaona Wazaramo wakichonga vinyago. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kuchonga tangu kwao. Wenzake waliopita njia hiyo hiyo nao huenda waliviona vinyago, ila yeye bila shaka alitazama mkono unavyoshika tezo. Aliporudi nyumbani akaanza kuchonga kwa namna hiyo, akafundisha watu wake, na Wamunyu ikawa nchi ya wachongaji ambao kazi zao zimejaa maduka ya Nairobi na Mombasa hadi leo. Sikuambii utarudi Hasamba uanzishe kiwanda. Ninachosema ni kwamba fundi hujuana na fundi hata pale ambapo watu wengine hawana la kuambiana.

Kazi ipi ibebwe

Ichague kazi inayoingia kwenye mkoba wa begani na inayoweza kukatizwa wakati wowote, kondakta akiita au mtoto akilia. Kwa wengi wetu hiyo ni kufuma kwa ile sindano fupi yenye ndoano nchani, kazi iliyovalisha makochi na meza za Tanzania nzima. Usibebe kitambaa kikubwa cha kochi. Fuma maua madogo ambayo baadaye yataunganishwa: vitanzi 6 vilivyofungwa kuwa pete, mzunguko mmoja wa vitanzi virefu, wa pili unatoa majani ya ua, umemaliza. Ua moja ni kazi ya muda mfupi kwa mkono uliozoea. Safarini utakuwa nayo kadhaa mkobani na moja mkononi, na ukitaka kumwachia mtu kitu, kipo.

Sweta, soksi na kofia za watoto zinazofumwa kwa sindano mbili ni nzuri kwa anayekwenda nchi za baridi, na mtu aliyekulia Mbozi hahitaji kuelezwa Juni na Julai zilivyo. Kudarizi kunabebeka pia. Ukili ndio wenye sifa kuliko zote: wanawake wa pwani na visiwani huusuka wakitembea, wakipiga soga, wakisubiri boti. Tatizo lake ni kwamba ukindu ukikauka sana unakatika, kwa hiyo uufunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Ufinyanzi na uchongaji haviingii mkobani, ingawa mfinyanzi anayesafiri akikutana na udongo wa watu hana haja ya mkoba.

Vifaa viwe vichache, ila sindano ziwe mbili. Ikipotea moja, fundi baiskeli yeyote atakukatia spoku, akunje ncha na kuisugua kwenye jiwe mpaka iteleze kwenye uzi. Kwenye ndege, mkasi uweke kwenye begi linalokwenda chini, na uzi ukate kwa meno kama bibi zetu.

Na uzi? Usibebe wa kutosha. Najua ushauri huu unamkera mfumaji, maana rangi ya uzi haifanani duka hadi duka. Lakini uzi ukikuishia Mpika au Lusaka itabidi uulize, na wa kumwuliza si mwenye duka. Ni yule mama uliyemwona kavaa kofia ya kufuma, au aliyetandika kitambaa juu ya meza yake ya nyanya. Mara nyingi hatakuelekeza kwa kidole, atakupeleka. Njiani mtakuwa mmeshaulizana watoto, makabila na mazao. Kama rangi haikupatana, ufume mstari mwingine wa rangi ya huko na kitambaa kitakuwa na sababu ya kuulizwa kila mtu atakapokiona.

Pa kukaa

Treni kwanza. Chumba cha kulala cha daraja la pili kwenye TAZARA kina vitanda 6, cha daraja la kwanza 4, na wanawake hulazwa mbali na wanaume isipokuwa mmekata chumba kizima. Ina maana mama anayefuma atakaa na wanawake wenzake saa nyingi, dirisha likiwa ndiyo televisheni. Sijui mahali pazuri kuliko hapo pa kutoa sindano. Ila nenda stesheni ukaulize kama treni ya abiria inatembea kabla ya kufunga mizigo, kwa sababu ratiba hubadilika, na ukumbuke kwamba saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Wakati saa yako inasema tano asubuhi, Nakonde ni saa nne, na wao hawahesabu saa kwa Kiswahili. Ukimwahidi mtu mkutane, elewaneni kwa jua.

Sokoni kaa pembeni ya anayeuza, usikae mbele ya bidhaa zake. Mtu mmoja aliyesimama mbele ya meza ni mteja. Aliyeketi amezuia wateja. Nunua kitu kwanza, hata fungu la mboga, kisha omba kupumzika kivulini. Kliniki na hospitali, kwa anayeuguza, ni mahali ambapo wanawake wenye uzi hukutana bila kuitana. Stendi haifai hata kidogo, si ya Tunduma wala ya kwingine. Kila mtu ana haraka, na mwenye kuinamia kazi yake hauoni mkono ulioingia begini.

Kanisa na msikiti vinafaa kuliko vyote hivyo ukitaka kukaa zaidi ya siku moja. Wamoravian wako Mbozi kwa zaidi ya karne moja, na mchungaji hapati shida kukuandikia barua ya utambulisho. Mkatoliki aende kwa katekista wake, Mwislamu kwa imamu. Ukifika na barua hiyo, ombi lako liwe dogo na la wazi: akina mama wenu wanaofuma au kusuka hukutana lini, nami nije na kazi yangu? Ukisema umekuja kutembea, utapewa kiti cha mbele, soda, na hotuba ya kukukaribisha, na utaondoka hujamjua mtu.

Kuanza mazungumzo

Salamu ndiyo nusu ya kazi. Nakonde wengi wanasikia Kiswahili, na Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo wenye Kinyamwanga hawana cha kujifunza. Kuanzia hapo kwenda Kasama na Mpika, Kibemba ndicho kinachotembea: asubuhi Mwashibukeni, saa nyingine Mulishani, kushukuru Natotela. Mwanamke mtu mzima ni bamayo, mwanamume ni batata. Utawaona wakipiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa kidogo, na kushusha magoti wanapomsalimu mkubwa. Binti wa Mbozi aliyefundishwa kupiga goti kwao hatapata taabu, aifuate tu. Ukishuka Kyela, Ugonile ya kusalimu na Ndaga ya kushukuru zitakufikisha mbali.

Ukishasalimu, fanya kazi yako. Usiulize la kwanza. Wasafiri wengi huharibu hapo: wanafika na maswali mfululizo, hiki mnakifanyaje, kinauzwa bei gani, mmeanza lini, na mwenyeji anajiona yuko mbele ya afisa wa takwimu. Fuma. Watoto watasogea kwanza. Mmoja mpe ncha ya uzi ashike, mwingine mfundishe mnyororo wa vitanzi kwa kidole bila sindano, ni kazi ya dakika mbili. Mama yao atakuja kuona wanasumbua nani.

Kisha itatokea hivi, kwa lugha yoyote ile:

— Mbona unaanzia katikati?

— Ndivyo alivyonifundisha mama mdogo. Kwenu mnaanzia wapi?

— Lete.

Mpe kazi na sindano yake, na unyamaze. Akifumua safu mbili ulizozifuma tangu asubuhi, mwache afumue. Usimwambie kwamba kwenu hivyo sivyo. Tazama kidole gani kinaubana uzi: kuna wanaouzungusha kwenye kidole cha shahada, kuna wanaoupitisha kati ya vidole viwili vya mwisho, na kuna wanaoshika sindano kwa juu kama kisu na wanaoishika kama kalamu. Hayo hayaandikwi kwenye kitabu na hayaonekani vizuri kwenye simu. Ukirudishiwa, jaribu mbele yake namna yake, hata kama yako ni nyepesi zaidi. Utakosea, atacheka, na kuanzia hapo wewe si mgeni wa kuogopwa.

Kwa anayesema lugha ndiyo kikwazo, aanzie Iringa. Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, inaajiri mafundi wenye ulemavu, viziwi wakiwamo. Mtu anaingia hajui ishara hata moja, na kwa kutazama mikono anaelewa jinsi uzi unavyopita kwenye kitanda cha kufumia. Tena Iringa ndiyo nchi ya vikapu vya milulu, kwa hiyo msukaji atakuwa na cha kulinganisha. Ukiweza kukaa huko asubuhi moja ukaelewana na fundi asiyesikia sauti yako, Kibemba hakitakutisha.

Kujifunza kuna gharama

Mama anayekufundisha kusuka asubuhi nzima hakusuka chake. Hilo lisemwe wazi kwa sababu wengi wetu tunapenda kuliita ukarimu. Usimpunje. Kama ni mtu wa sokoni, nunua kazi yake kwa bei aliyoitaja, bila kuomba apunguze. Siku ya kufundishwa si siku ya kubishania bei. Kama ni nyumbani, nenda na sukari, majani ya chai na sabuni, na ukikaa siku kadhaa, kitenge. Pesa mkononi huwaudhi wengine na wengine huzitaka, kwa hiyo mwulize aliyekupeleka, faraghani. Na ile zawadi uliyofuma mwenyewe, itoe mwisho, kwa mikono miwili, ukisema nani alikufundisha.

Nenda uone kwa wafinyanzi wa Kikisi. Wanawake wa Ikombe, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu bila gurudumu. Udongo unazungushwa kwa mkono, ukuta unapandishwa na kusuguliwa mpaka uwe mwembamba na sawa pande zote, kisha chungu kinachomwa kwa moto wa wazi. Siku ya Jumamosi huletwa kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo vinasambaa mpaka Mbeya. Mtalii anafika Lyulilo Jumamosi, anapiga picha mlima wa vyungu, anaondoka na kimoja ambacho kitapasuka kabla ya Tukuyu. Mwenye kazi ya mkono afike Ijumaa, au abaki hadi Jumatatu, siku ambazo fundi ana udongo mkononi na hana mteja. Ukimwomba bonge la udongo utengeneze bakuli, litaanguka upande mmoja. Hapo ndipo utakapojua chungu kile cha shilingi kidogo kina kazi gani ndani yake, na yeye atajua kwamba umejua.

Yasiyoombwa

Si kila kinachotengenezwa kwa mikono hufundishwa mpita njia. Wabemba wana mbusa, vifaa na maumbo ya udongo yanayotumika kumfunda msichana katika chisungu. Ni kazi nzuri sana, na ni mambo ya kunong'onwa. Ukitaka kuyaona nenda Mbala, kwenye Makumbusho ya Moto Moto, yaliyotokana na mkusanyiko wa padri Jean Jacques Corbeil, aliyeandika pia kitabu juu ya mbusa. Huko yapo kwa kuonyeshwa. Usimwombe bibi wa watu akufinyangie moja ili ukaiweke sebuleni Vwawa. Sisi wenyewe tuna mambo ya unyago na jando ambayo tusingependa jirani ayaulizie akiwa na simu mkononi.

Simu, kwa kweli, iache mkobani siku ya kwanza. Ukija kuomba picha, omba ya mikono na kazi, na umwonyeshe. Pale mpakani penyewe usipige picha kabisa.

Jambo jingine linalosemwa kidogo ni kuiba nakshi. Umefundishwa ua la ukingo na mama wa Kasama. Unarudi Tunduma unafuma hamsini unauza. Hakuna polisi atakayekukamata. Lakini kama ni biashara, rudi umwambie, mwagize yeye baadhi, au mpe sehemu. Ukiuza kwa mama wa kijiji chako, angalau usiseme umelibuni wewe. Mimi sijui Mutisya Munge aliwalipa nini Wazaramo, na wachongaji wa pwani yetu wana haki ya kuuliza.

Forodhani nako kuna busara yake. Tunduma na Nakonde sasa zina Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2019, na kwa Mtanzania mwenye pasipoti Zambia haidai viza. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kitambaa kimoja kilichofika nusu na maua machache ni vitu vyako. Vitambaa 20 vinavyofanana, vimekunjwa kwenye nailoni, ni bidhaa, na utaulizwa kama mfanyabiashara. Anayekwenda mbali zaidi ajue kwamba Australia na New Zealand zinataka utamke kila kitu kilichotokana na mmea, mkeka na kikapu vikiwamo. Ukificha unatozwa faini, ukitamka mara nyingi wanakagua na kukurudishia.

Mbali na nyumbani

Mswahili anayekwenda Muscat ana bahati. Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar walihamia huko baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita warudi, na Kiswahili bado kinazungumzwa majumbani mwao. Kofia inayovaliwa Oman, kumma, ni ndugu wa kofia ya Unguja na Lamu: vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni, vimejaa vitobo vidogo ambavyo kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa sindano. Ni kazi ya wiki nyingi. Zinazoshonwa kwa mashine zimejaa soko la Matrah, na ukizilinganisha na ya mkono utaona tofauti kwenye ukingo wa kitobo. Anayeshona kofia, au hata anayeanza, akiingia nyumba ya Muscat na ukanda ambao haujajaa, bibi mwenye nyumba atataka miwani yake iletwe.

Ulaya na Marekani ni tofauti. Huko kukaa barazani na kumsubiri mtu asogee kunaweza kukupa baridi tu. Watu hukutana kwa kupangiana: maktaba nyingi na maduka ya uzi yana jioni ya kufuma kila wiki, mara nyingi bure, na mgeni anakaribishwa mradi amekuja na kazi. Ndugu yetu aliyehamia huko, ambaye majirani hawajui jina lake, aanzie kwenye meza hiyo. Kuna pia siku ya kufuma hadharani duniani, iliyoanzishwa na Danielle Landes mwaka 2005, inayoangukia Jumamosi ya pili ya Juni. Katika miji mingi watu hutoka na viti vyao mpaka bustanini. Kwa Mbozi Juni ni baridi na mavuno, lakini uwanja wa kanisa una jua la saa sita.

Wanaume wasiruke sehemu hii. Huko Ufipa, jirani zetu wa upande wa Sumbawanga, waliokuwa wakifuma nguo za pamba kwenye vitanda vya ardhini kabla nguo za kiwanda hazijazagaa walikuwa wanaume. Kisiwani Taquile nchini Peru wavulana hufundishwa kufuma kofia tangu utotoni, na UNESCO iliutangaza ufumaji wa kisiwa hicho kuwa urithi mwaka 2005. Lamu nako wapo wanaume wanaoshona kofia. Mwanamume anayesuka kamba, anayeshona kofia au kutengeneza nyungo asione haya kuitoa kazi yake kwenye behewa. Atapata wasikilizaji wengi kuliko anayebishana mpira, na ugomvi kidogo.

Yote haya yana upande wa pili, nao ni mgeni anayetufikia sisi. Wanaokuja kuona Kimondo cha Mbozi hushuka, hutazama, hupiga picha na kuondoka siku hiyo hiyo. Akitokea mmoja ana sindano na uzi mkobani, tusimkimbilie na vikapu vya kuuza. Tumpe kigoda, tukae naye, na anayejua kusuka alete kazi yake iliyo nusu. Akitaka kununua atasema mwenyewe.

Kama hujawahi kufanya hivi, usianze na Lusaka wala Muscat. Anza na Nakonde. Panda gari la asubuhi hadi Tunduma, nunua mpira mmoja wa uzi na sindano ya pili, vuka kwa miguu, na ukae karibu na mama yeyote mwenye kitambaa cha kufuma mezani pake. Jioni utakuwa umerudi kwako kulala.